Herufi za Chini

Pale hotelini Muhumba, chini ya ngazi ya jikoni,
palikuwa na chumba kisicho na dirisha.
Ufunguo wake ulilala mfukoni mwangu miaka kumi na tisa.
Mvinyo wa Burgundia, chupa mia tatu na kitu,
zimelala kiubavu kama watoto wa bweni.

Bwana Verhelle, mwenye hoteli, alinifundisha kusoma.
Shule nilikwisha kuimaliza kwa Mapadri;
yeye alinifundisha kusoma kuanzia chini.
"Acha dhahabu, Zihindula. Acha ngome, acha taji.
Karatasi hujisifu juu, hukiri chini.
Tafuta herufi ndogo kama mayai ya chawa:
ndizo zinazosema nani alitia chupani, na wapi."

Hii: mtu alilima, akavuna, akakamua, akaziba kizibo,
yote ndani ya ua mmoja, mbwa mmoja akibweka.
Ile: mchuuzi wa mjini alizunguka na mapipa,
kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, kwa mjane madebe mawili,
akachanganya,
akaandika jina lake kubwa kuliko kijiji.

Wateja walitazama bei, kisha wakatazama wake zao,
kisha wakanyooshea kidole taji.

Nilicheka peke yangu. Haya niliyajua kabla ya mvinyo.
Shangazi Cibalonza aliuza kasiksi Kadutu.
Hakuwa na karatasi; alikuwa na pua.
Bido la njano likishuka kutoka Kabare
alilifungua kidogo, akainama kama anayesikilizia mlangoni.
"Hili ni la M'Kabagale. Ndizi zake zililala shimoni siku nne,
na mtama aliukaanga mwenyewe, ukaungua kidogo, kama kawaida yake.
Na hili? Hili lina baba saba.
Wamekutana Mudaka usiku, wakaongeza maji ya Kawa
na sukari ya dukani kuficha aibu."

Basi nikaapa: cha shamba ni kweli, cha mchuuzi ni uongo.
Ni rahisi kuapa ukiwa na ufunguo mfukoni.

Ukaja mwaka wa mvua ya mawe, huko kwao.
Tulifungua chupa ya mkulima: kali, nyembamba,
kama maji yaliyosuuza sufuria ya sombe.
Mkaidi yule alitia chupani alichopata, kwa kuwa ni chake.
Ya mchuuzi, mwaka uleule, iliteremka kooni kwa adabu,
maana mawe hayakupiga vilima vyote,
na miguu yake ilijua pa kwenda.

Nilimpelekea shangazi habari hiyo kama mtu aliyeibiwa.
Aliendelea kuosha chupa.
"Mwenye shamba hana pa kujificha," akasema,
"hata siku ambayo ingekuwa huruma ajifiche.
Mimi siulizi sana nani alipanda. Nauliza:
tumbo likiniuma kesho, nitagonga mlango wa nani?"

Hoteli sasa ni ofisi za shirika fulani, magari meupe uani.
Verhelle aliondoka na koti moja,
akaniachia chupa moja badala ya mshahara wa miezi mitatu.
Unyevu wa ziwa ulikuwa umekula karatasi.
Taji limebaki.
Herufi za chini zimekwenda.

Tuliinywa Krismasi, kwa vikombe vya plastiki.
Macho ya shangazi yalikwisha kuchoka; pua ilikuwa ingali kazini.
Akaizungusha, akanyamaza kirefu.
Jirani akapita, akasalimu, hakujibiwa.
"Kilima kimoja," akasema. Akanywa tena.
"Au mchuuzi mwenye subira."
Akaninyooshea kikombe.